Kamba Zitazame Milingoti

Tarrow, Pennsylvania
Jumapili, 10 Februari 1974

Mjomba Metod,

Shikamoo mjomba. Ni mimi Vendel, mtoto wa dada yako Ludmila, usije ukadhani ni mtu wa magazeti. Huku tunapumua. Mama anakohoa lakini anapika. Baba yupo. Mimi niko kwenye matanuri ya makaa zamu ya asubuhi, nyusi zimeungua mara mbili na mara mbili zimeota. Sasa wasiwasi wetu ni kwako, wewe na ule mguu na hilo jangwa la Arizona.

Mwandiko unisamehe. Darasa la saba niliacha, na hata hayo saba nilikaa nyuma.

Sasa mjomba, nimetumwa. Klabu ya Wachimbaji wameunda kamati, mwenyekiti Cyril Bodnar. Wanataka uwanja wetu uitwe Uwanja wa Metod Hruska. Itakuwa asubuhi ya Sikukuu ya Shukrani, kabla hatujacheza na Calder. Wanataka uje upige mpira mmoja tu, watu waone. Bodnar alisema hivi, "Wewe Vendel, huongei, lakini kuandika si kuongea. Andika." Nikaandika.

Na langu mwenyewe ni hili. Mimi ndiye mpigaji wa timu ya Tarrow. Napiga kwa ncha ya kiatu, moja kwa moja, kama wewe. Vijana wa siku hizi wanapiga kwa ubavu wa mguu, wanakuja upande upande kama mtu anakwepa kamba ya nguo. Mimi nimekataa. Msimu uliopita nilipitisha kumi na nne katikati ya milingoti, nikakosa tatu. Watu wa Calder waliweka pipa zima la bia kwa atakayenivunja mguu. Walinikosa, wakamvunja taya Paluch anayenirushia mpira. Mpaka leo anakunywa supu kwa mrija.

Nataka uje, mjomba. Miaka kumi na moja ni mingi. Nataka nione mtu anayejua.

Mpwa wako,
Vendel Hudak


Dos Picos, Arizona
3 Machi 1974

Vendel,

Marahaba. Barua nimeipata. Mimi mzima, mguu unajua mvua siku mbili kabla haijanyesha, na huku mvua hainyeshi, kwa hiyo hauna kazi. Mwambie dada anywe maji ya kitunguu na asali, asiwe mbishi kama mama yetu.

Paluch mpe pole. Mimi mwaka wangu wa kwanza jijini, arobaini na saba, wenzangu wa timu hiyo hiyo waliniweka kichwa kwenye ndoo ya chokaa wakasema, "Mpigaji si mwanamume, ni mwanamke aliyevaa kiatu kimoja kizito." Nilitoka sioni. Jumapili yake nikapiga nne, tukashinda. Kuanzia hapo waliniweka kichwa kwenye ndoo ya bia. Ndiyo maendeleo hayo.

Nilicheza misimu kumi na saba. Nilipoteza meno sita, pua ilipinda mara tatu, na nilimwona kijana wa Ohio anavunjwa shingo hatua mbili kutoka nilipo, mdomo unafunguka na kufumba kama samaki. Siku ile nilipitisha mpira. Watu walishangilia, na yeye bado amelala pale. Hilo gazeti haliandiki.

Sikia. Ukishapiga, usisimame kuutazama mpira kama bwana harusi. Wanakuja. Kunja mguu wa kupigia, anguka kwa bega.

Na mpira wetu huu una ncha mbili na una kamba upande mmoja, zile nyuzi nene za kushonea. Anayekushikia akishaudaka, anausimamisha chini na kuugeuza kwa vidole, kamba zitazame milingoti. Zikikutazama wewe, mguu utagonga kamba na mpira utakwenda unakotaka wenyewe. Mpigaji bila mshikaji ni mtu anarusha teke hewani. Kwa nini watu wanamwita rafiki mshikaji? Ndiyo hiyo. Unamwachia mguu wako.

Nani anakushikia?

Kuhusu uwanja, waupe jina la mtu aliyekufa. Aliyekufa hakatai.

Mjomba wako,
Metod


Tarrow, 21 Aprili 1974

Mjomba,

Shikamoo. Pasaka imepita salama, padri alibariki vikapu, mama aliweka mkate na soseji na yai moja kwa ajili yako. Alilitazama mpaka likakauka. Kikohozi hakijaondoka. Baba alivunja kiti.

Anayenishikia ni kijana Duda, ana mikono mizuri. Nilimwomba baba kwanza, maana watu wote wanajua ndiye aliyekushikia wewe misimu tisa, alikuwa mchezaji wa akiba na kazi yake kubwa ilikuwa hiyo. Alisema vidole vyake viwili vilibanwa na gari la makaa mgodini mwaka sitini na tano, havigeuki tena.

Sasa nikwambie kitu, usikasirike. Klabuni kuna picha yako kubwa, ile ya mpira wa mwisho wa fainali ya sitini na tatu, theluji, yadi thelathini na moja, ule uliokwenda kushoto na kombe likapotea. Ilipigwa karibu sana, mguu wako uko nyuma tayari kushuka, baba amepiga goti mbele yako. Miaka yote imekaa ukutani wanairushia vishale. Sura yako haipo tena, ni tundu tu. Mtu akikutoboa jicho anapewa kikombe cha bia. Sasa kwa sababu ya sherehe Bodnar ameishusha, akanipa mimi niizibe na niisafishe, "maana una subira kama ng'ombe."

Nimekaa nayo wiki mbili. Wote wanalenga uso. Mimi niliangalia mpira.

Kamba zinakutazama wewe, mjomba. Nyeupe kabisa, zinatazama kiatu. Na vidole viwili vya baba vya mkono wa kulia vimefungwa bandeji ya rangi ya ngozi, ukiwa mbali huoni. Hiyo ni sitini na tatu. Gari la makaa ni sitini na tano.

Nilimuuliza mezani. Nilisema tu, "Baba, siku ile vidole vilikuwa na nini?" Alinipiga kwa upawa wa chuma, jino la mbele limetoka. Mama akaokota jino akalifunga kwenye leso. Tukamaliza kula.

Kwa nini kamba zilikuwa ndani, mjomba?

Vendel


Tarrow, 16 Juni 1974

Mjomba,

Shikamoo. Sijui kama ile barua ya Aprili ilifika au posta wameitupa. Mama sasa analala mchana pia. Daktari anasema ni mapafu. Anauliza, "Metod amejibu?" nasema bado, anageukia ukuta.

Duda mshikaji wangu amejiunga na jeshi. Nafanya mazoezi na gogo, nalisimamisha na matofali. Gogo halina kamba.

Nilitaka kujua tu. Kama nimekuudhi, sema.

Vendel


Dos Picos, 25 Agosti 1974

Vendel,

Barua zote mbili zilifika. Nilikuwa na kazi. Si kweli, sikuwa na kazi. Nafuga mbuzi kumi na moja, hao si kazi.

Dada mwambie nilipokea habari ya yai.

Ile picha iache. Ilikuwa theluji, mpira ulilowa, mkono unaganda. Mpira ukikosa ni wa mpigaji. Ndiyo sheria. Nilipitisha mia mbili na kumi na tisa na hakuna gazeti lililoandika jina la aliyeshika. Basi ule mmoja nao ni wangu. Ukitaka kula nyama kubali na mifupa.

Baba yako ni mume wa dada yangu. Usimuulize mambo mezani.

Jino la dhahabu usiweke, wanalilenga.

Lakini niambie kitu kimoja. Hiyo kamati, wamepanga nani anishikie huo mpira wao mmoja? Nijibu hilo.

Metod


Tarrow, 15 Septemba 1974

Mjomba,

Shikamoo. Mama amefurahi kusikia una mbuzi. Anasema ulikuwa unawaogopa.

Tumeanza msimu. Mechi ya kwanza tulikwenda kwa watu wa machimbo ya chokaa, uwanja wao una mawe. Mlinzi wetu Sabol alikanyagwa jicho. Lile jicho sikuliangalia, lakini nililisikia, ni kama kukanyaga zabibu. Nilipiga mbili zikapita. Nilianguka kwa bega kama ulivyosema, yule aliyekuwa anakuja akapita juu yangu, akaenda kugonga uso kwenye mlingoti. Watu wao walinirushia makaa ya moto kutoka kwenye jiko la soseji. Nina alama shingoni.

Ulichouliza. Bodnar amesema atakayekushikia ni baba. Alisema klabuni mbele ya watu, "Hruska na Hudak tena! Watu watalia!" Baba alikuwa anakunywa, akasema, "Kushika tu naweza, hakuna kugeuza wala nini, mpira mmoja." Wakampigia makofi. Alicheka. Sikumbuki mara ya mwisho baba kucheka.

Kwa hiyo uje. Mama anahesabu Jumapili.

Vendel


Dos Picos, 6 Oktoba 1974

Vendel,

Siji.

Dada nitamwandikia barua yake peke yake. Wewe cheza mpira wako vizuri, shingo weka mafuta ya kondoo.

Baba yako Ignac asinishikie tena. Ameshanishika mara moja zaidi ya inavyotakiwa.

Metod


Tarrow, 3 Novemba 1974

Mjomba,

Shikamoo. Theluji ya kwanza imeanguka. Mama amesoma barua yako, ameiweka chini ya mto, hajasema imeandikwa nini.

Mimi lile neno lako nimelibeba kazini wiki tatu. Mara moja zaidi. Unajua ukikaa mbele ya tanuri huwezi kuongea, kelele nyingi, basi unafikiri. Nimekumbuka suruali.

Jumatatu ile, siku moja baada ya fainali, baba alirudi nyumbani saa tisa mchana akafua suruali yake mwenyewe. Baba hajawahi kufua kitambaa. Goti moja lilikuwa limelowa tope na theluji na damu kidogo. Moja tu. Lingine kavu. Mtu akianguka analowa yote mawili. Mtu akipigana analowa popote. Goti moja ni la mshikaji, na hapa Tarrow alikuwa mmoja tu, mjomba.

Na Jumatatu ile ndiyo siku uliyovunjwa mguu. Mama alituambia ni wahuni wa jijini walikufuata. Polisi hawakumpata hata mmoja.

Sikuulizi. Kama ni uongo, niandikie uongo. Usipoandika, nitajua.

Wamesema kwa kuwa huji, nitapiga mimi badala yako. Nitavaa kiatu chako kile cha ncha bapa, mama alikificha kwenye debe la unga miaka yote hii. Ncha ina chuma ndani, nimekigonga ukutani, tofali limetoka kipande. Na baba atakuwa amepiga goti mbele yangu na mkono wake juu ya mpira, watu elfu mbili wanatazama. Mpira na mkono viko karibu sana. Mpigaji akikosea kidogo tu, hakuna atakayesema ni makusudi.

Nafikiri nitakosea.

Vendel


Dos Picos, 22 Novemba 1974

Mpwa wangu Vendel,

Nimetuma hii kwa ndege. Isome kabla ya sikukuu, isome mara mbili, kisha itie tanurini.

Vidole vyake vilikanyagwa Jumapili ya kabla ya fainali. Tulikuwa kwenye basi la timu, akanionyesha chini ya koti, vimevimba kama soseji. Akasema, "Shemeji, usiseme. Wakijua wananiacha, na wakiniacha narudi shimoni." Ningeweza kusema. Sikusema, kwa ajili ya dada na kwa ajili yako. Nilijua, Vendel. Nilikwenda kupiga ule mpira huku najua. Kwa hiyo usinifanye mtakatifu.

Kila mara kabla sijapiga alikuwa ananiuliza neno moja, "Tayari, shemeji?" Mimi naitikia kwa kichwa, anageuka kwa mrushaji. Misimu tisa. Siku ile aliniuliza, nikaitikia. Mpira ukaja, akaudaka, nikaona anajaribu kuugeuza, vidole vikakataa. Nilikuwa nimeshaanza kwenda. Mguu ukianza hausimami.

Jumatatu nilikuwa nazoa theluji mlangoni kwangu, mchana kweupe. Madirisha yalikuwa yameshavunjwa yote tangu Jumapili, na paka wangu walikuwa wamemtundika kwenye uzio. Wakaja watu wanne. Watatu wa klabu, na Ignac. Cyril Bodnar alikuwa na kipande cha bomba la maji. Ndiyo, huyo huyo. Aliyeshika bomba ndiye leo ameshika karatasi ya hotuba.

Walinipiga kwanza kwa mikono, ile ya kawaida. Nilimtazama Ignac, nikafikiri, atasema sasa. Atasema ni vidole. Bodnar alikuwa anamtazama pia, maana kulikuwa na maneno mjini, watu wameanza kuuliza mbona mpira ulipinda vile. Bodnar akamwambia, "Hudak, wewe si ndiye fundi wa kushika? Shika."

Akapiga goti moja kwenye theluji. Akauchukua mguu wangu, huu wa kulia, akauweka juu ya ukingo wa jiwe la barabara, taratibu, kama anavyoweka mpira. Akaushika kwa mikono miwili. Bandeji ilikuwa bado iko vidoleni. Kisha akaniangalia, akasema, "Tayari, shemeji?"

Sidhani alitaka kunikejeli. Nafikiri lilimtoka tu. Hilo ndilo lililonifukuza Tarrow, si bomba.

Bodnar alipiga mara tatu. Ya tatu mfupa ulitoka nje.

Sasa sikia. Usimpige mkono. Si kwa ajili yake. Ukiupiga ule mkono, mguu wako utakuwa umekwisha, kama wangu, na hapo hutahitaji bomba la mtu. Kamba zikiwa nje, piga mpira. Kamba zikiwa ndani, simama. Mimi nilishindwa kusimama.

Metod


Tarrow, 2 Desemba 1974

Mjomba,

Shikamoo. Naandika kwa mkono wa kushoto, utasoma hivyo hivyo. Mama mzima kiasi. Kwanza hilo.

Barua yako nilipata siku moja kabla. Nimeichoma kama ulivyosema, lakini nilikuwa nimeshaishika kichwani.

Sikukuu ilianza vizuri. Bendi ya zimamoto, akina mama wanauza kabichi za nyama kwenye sufuria, pumzi za watu juu kama moshi. Bodnar akasoma hotuba, akasema wewe ni mguu mkubwa kuliko yote iliyopata kukanyaga Pennsylvania. Alilia. Machozi kweli, niliyaona. Kisha akasema, "Mtasikia wenyewe kile kiatu kinavyolia!" akachukua kipaza sauti akakilaza kwenye nyasi, hatua moja kutoka alipo baba.

Baba akapiga goti. Alinyoa siku hiyo. Akaniangalia akasema, "Tayari?" na neno likasikika uwanja mzima, hata yeye alishtuka.

Mjomba, mpaka pale sikuwa najua nitafanya nini. Nasema kweli. Niliitikia kwa kichwa.

Paluch akarusha. Baba akadaka, akaweka. Kamba zilikuwa zinanitazama. Nilikuwa nimeshaondoka, hatua ya kwanza, ya pili, naona vile vidole viwili vilivyopinda juu ya mpira na chuma kiko mguuni kwangu. Nikasimama. Nilisimama vibaya, nusura nianguke, kiatu kikaishia upana wa kiganja kutoka mkono wake. Watu wakaanza kuzomea.

Nikasema, "Baba, kamba."

"Piga tu."

"Kamba ziko ndani, baba."

"Piga, mbwa wewe, watu wanatazama!"

"Zigeuze kwanza."

Akajaribu. Mbele ya watu wote akajaribu. Vile vidole vilitetemeka tu pembeni ya mpira kama miguu ya mende aliyelala chali. Mpira ukamtoka. Akauokota, akajaribu tena. Watu walianza kunyamaza mmoja mmoja. Kisha akasema, si kwangu, alikuwa anaongea na mpira, "Havigeuki. Hata siku ile havikugeuka. Ule mguu wa Metod haukuwa na kosa." Na kipaza sauti kilikuwa pale pale.

Nilisikia lile neno likienda likagonga rundo la taka za mgodi nyuma ya uwanja likarudi.

Chupa ya kwanza ilimpata begani. Kisha wakaruka uzio. Si vijana, mjomba, ni wazee, wenye fulana za klabu, watu wanaopokea ushirika Jumapili. Mmoja anapiga kelele, "Miaka kumi na moja tunamtoboa mtu siye!" kana kwamba baba ndiye aliyewapa vishale. Bodnar alifika wa kwanza. Baba alikuwa bado amepiga goti, akamtazama kutoka chini, akasema, "Na Jumatatu yake, Cyril, nani alileta..." Bodnar akampiga teke la mdomo, hakumaliza. Akaanguka chali. Bodnar akanigeukia, uso mwekundu, akasema, "Vendel! Mshike! Mshike huyu mshenzi miguu!"

Nilimshika.

Nililala juu yake nikamshika kwa mikono yote, kichwa chake chini ya kidevu changu. Hajawahi kunikumbatia huyu mtu, sikujua ni mwembamba vile. Walipiga. Sikuhesabu. Mtu alikanyaga mkono wangu wa kulia mara nyingi mahali pale pale. Mbavu mbili zilivunjika, niliziona kama mwanga. Sikio langu moja halisikii mpaka leo. Baba chini yangu alikuwa anasema, "Toka juu yangu, toka, mguu wako, kunja mguu wako." Nikakunja mguu. Paluch na taya lake la waya ndiye aliyewaondoa, alichukua nguzo ya bendera.

Hatukucheza na Calder. Walikaa kwenye basi lao wakatutazama, kisha wakaondoka. Hata wao.

Sasa baba yuko hospitali. Taya, wengu umetolewa, jicho moja hawajui. Mama anakaa naye. Bodnar hajakamatwa, klabu wamesema ilikuwa vurugu za mashabiki wa Calder. Ile picha nimeirudisha ukutani, mahali pasiporushwa vishale, nimeziba tundu zote, lakini uso sikuweza kuurudisha, nimepaka rangi nyeupe tu.

Jana baba aliniita kwa mkono. Hawezi kuongea, aliandika kwenye karatasi ya daktari. Aliandika neno moja na alama ya kuuliza, akanionyesha upande wa magharibi, nikajua ni kwako. Sijui kama ana haki ya kukuuliza. Nimeliweka humu ndani kama lilivyo.

Vendel


Dos Picos, 10 Desemba 1974

Vendel,

Karatasi nimeiona.

Mbuzi nimewauza. Napanda basi Alhamisi, nitafika Jumapili kama barabara za huko hazijaziba. Dada asipike sana.

Nitapitia klabuni kwanza. Mchana, watu wakiwepo, na fimbo yangu. Nataka kukaa chini ya ile picha yenye uso mweupe nimtazame Cyril Bodnar mpaka amalize yeye ile sentensi ya baba yako. Wewe usije. Mbavu zako zifunge vizuri, na ule mkono usiugeuze geuze mpaka daktari auangalie, vidole vikikosewa mwanzo havirudi.

Kisha nitakuja hospitali. Mwambie baba yako sijasamehe, asije akaanza kulia. Lakini kiatu kisirudi kwenye unga. Akipona tutakwenda uwanjani sisi watatu, hata kama ni yadi tano, nitapiga kwa mguu wa kushoto, yeye ashike, na wewe simama pembeni uangalie kamba.

Na lile neno lake, mjibu hivi. Mwambie mimi niko tayari, nimesimama miaka kumi na moja. Ni yeye tu alikuwa hajapiga goti.

Metod